Shangazi, mimi ni mchumi ninayepima mahindi

Shangazi shikamoo,

Nina miaka 26, mtoto wa pili kati ya wanne. Shahada yangu ya uchumi nilimaliza mwaka juzi katika chuo cha serikali, GPA 3.4. Tangu hapo niko Kibaigwa kwa mjomba, mdogo wake mama, mwenye stoo ya mahindi na alizeti. Nilikuja kwa wiki mbili tu, nikisubiri ajira. Sasa huu ni msimu wa pili wa mavuno unanikuta hapahapa.

Kazi yangu ni kusimama kwenye mizani. Mzigo unatoka Kiteto, Gairo, Mlali na vijiji vya huko ndani, ambako mjomba ananunua kwa gunia. Hapa sokoni tunauza kwa kilo. Napokea, napima, naandika, jioni nafunga hesabu. Malori yakishapakia yanaelekea Dar es Salaam, mengine Kenya. Mshahara sina. Nakula na kulala bure, na mjomba akiuza vizuri ananipa hela ya vocha na ya kusuka. Simlaumu, amenistiri.

Wapakiaji wananiita Gavana, kama yule wa Benki Kuu. Gunia likipungua kilo mbili wanapiga kelele, "Gavana, shilingi imeshuka!" Mchana nacheka nao. Usiku ndiyo inauma, maana hata kwetu wanasema mchumi gani huyo hana laki mfukoni.

Nafasi ya Mchumi Daraja la II nimeomba Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, mara nne. Mara tatu niliitwa usaili wa mchujo, mara moja nikavuka hadi mahojiano. Huko niliulizwa swali ambalo mpaka leo linaninyima usingizi: "Bei ya mahindi imepanda wilayani. Wewe kama mchumi wa halmashauri, utamshauri nini mkurugenzi?" Nikaanza kueleza ugavi na mahitaji, mstari unahamia kulia, mstari unahamia kushoto, mpaka msaili mmoja akaangalia saa. Shangazi, mimi naishi katikati ya mahindi! Nilitoka pale nikaenda kulia chooni.

Nilijaribu na kujitolea. Taasisi moja ilinipokea kwa ahadi ya nauli, nikakaa miezi minne, nauli sikuiona.

Sasa mjomba amesema msimu huu ukiisha atanipa milioni 8, nichague mwenyewe: nikasome uzamili, au niziweke kwenye mahindi nianze biashara yangu. Mama naye anataka niende ualimu, anasema walimu wanaajiriwa. Rafiki yangu aliyenitangulia ana uzamili wa uchumi na yuko nyumbani kama mimi. Bodi ya Mikopo nao wananidai.

Nikuambie na la aibu. Sekondari nilisoma HGE (historia, jiografia na uchumi) kwa kuikimbia hesabu, na chuo ekonometriksi, somo la kupima uchumi kwa takwimu, nilipata D kwa kukariri. Nilichokipenda ni uchumi wa maendeleo na historia ya uchumi. Kitu pekee chenye sura ya uchumi ninachofanya sasa ni daftari: kila siku naandika bei, tangu wiki ya kwanza nilipofika, ili mjomba asizungukwe na madalali. Yamefika madaftari matatu.

Mtu kama mimi ni mchumi kweli, au nilipotea njia tangu kidato cha tano? Na hizo milioni 8 nizipeleke wapi?

Ni mimi Gavana wa Mizani, Kibaigwa

*

Marahaba mwanangu Gavana.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale pa msaili aliyeangalia saa. Tuanzie hapo, milioni 8 zitasubiri.

Ulipoulizwa bei imepanda utafanya nini, ulikimbilia mchoro wa darasani. Mchoro hauna kosa. Kosa ni kwamba uliuchora kabla ya kuuliza: bei ipi? Ya mkulima akiwa shambani, ya jumla pale sokoni kwenu, au ya kilo ya unga dukani? Imepanda kwa gunia au kwa kilo? Na imepanda mwezi gani? Kwenu Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, mavuno yanaanza Mei. Bei ikipanda kati ya Desemba na Machi, hiyo si habari, ni kalenda. Bei ikipanda Julai, stoo zikiwa zimejaa, hapo mkurugenzi ana haki ya kukosa usingizi, na mchumi wake ana kazi ya kufanya. Kisha ungesema nani anaumia na nani anapata, maana mkulima yuleyule aliyeuza Juni kwa bei ya kutupa anaweza kuwa mnunuzi wa debe mwezi Februari. Halafu ungegusa mfuko wa halmashauri yenyewe: ushuru wa mazao utapanda au utashuka, na bajeti iliyoanza Julai mosi ilikisia nini. Ungemalizia na ghala la NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, lililo karibu, kama wananunua au wanatoa.

Haya yote wewe unayajua. Unayajua kwa miguu na mgongo. Kilichokosekana ni kuyaita uchumi, kwa sababu chuoni ulifundishwa kwamba uchumi una sura ya mstari unaohama.

Sasa tuje kwenye hayo madaftari, na usidhani nataka kukusifia. Nakuuliza swali gumu. Umesema vijijini mjomba ananunua kwa gunia na sokoni mnauza kwa kilo. Gunia la kule lina kilo ngapi?

Najua umetabasamu. Tuseme mnanunua gunia kwa sh. 60,000. Likiwa na kilo 100, mkulima amelipwa sh. 600 kwa kilo. Likiwa lumbesa, limeshindiliwa na kushonewa kilemba juu mpaka kilo 120, amelipwa sh. 500. Daftari lako, kama umeandika "gunia 60,000" siku zote mbili, linasema bei haikutikisika. Kumbe mkulima amepoteza shilingi mia kwa kila kilo, na hiyo mia haikupotelea hewani. Imepita kwenye mizani unayoisimamia wewe. Sheria ya vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100 na Wakala wa Vipimo wanapita wakitoza faini, lakini kilemba bado kinafungwa, na sababu yake ni ya kiuchumi kabisa: anayenunua kwa macho na kuuza kwa mizani anakula tofauti ya vipimo viwili.

Usimwambie mjomba kwamba nimesema hivyo. Ila wewe ujue. Siku ukiweza kutenganisha faida ya mjomba mafungu matatu, ya usafiri na hatari anayobeba, ya kungoja msimu, na ya lumbesa, utakuwa umefanya kazi ambayo watu wenye shahada tatu wanaomba ufadhili waje kuifanya Kibaigwa.

Mimi nilijijua kuwa mchumi kwa sababu ya yai. Mwaka 2000 nilichukuliwa kwa mkataba kuwa mdadisi katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2000/01. Kila kaya ilikuwa na daftari la mwezi mzima, nasi tulipita kuandika kila senti: chumvi 50, kiberiti 20, mafuta ya taa kibaba. Siku moja nimekaa kwenye kigoda kwa mama mmoja, mtoto wake anakula yai la kuchemsha. Nikauliza, mama, hilo yai umenunua shilingi ngapi? Akanishangaa. "Mwanangu, si kuku huyo hapo!" Nikasema basi nitaandika bei ya hapa kijijini. Akacheka zaidi. "Hapa nani ananunua yai? Kila nyumba ina kuku."

Nilikaa na kalamu hewani. Nikiandika sifuri, kaya ile imekula kidogo kuliko ilivyokula. Nikiandika bei ya gulio la mbali, nimeipa kaya utajiri ambao haina namna ya kuugeuza fedha. Mwongozo ulitaka bei ya eneo la karibu, nikaandika bei ya gulio, lakini njia nzima ya kurudi kambini nilikuwa nalifikiria lile yai. Ripoti ilipotoka ilisema asilimia 35.7 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Watu waliibishania ile desimali kwenye semina, wengine kwa hasira. Mimi nilikuwa namwona yule mtoto. Yai lake limo mle ndani ya 35.7, kwa bei niliyoamua mimi.

Nimekusimulia kwa sababu umeniuliza kama wewe ni mchumi kweli. Lugha yetu yenyewe inatuchezea hapa. Uchumi ni somo, na uchumi ni mali. Mchumi na mchumaji wametoka kwenye kitenzi kimoja, kuchuma. Ndiyo maana kijijini kwenu wanakagua mfuko wako. Kwao mchumi asiye na laki ni kama mvuvi anayenuka sabuni. Waache. Daktari wa meno naye anaweza kuwa na pengo.

Lakini sitakudanganya kuhusu ajira. Cheo chenye neno "mchumi" mlangoni, kwetu, kwa sehemu kubwa kiko serikalini: Wizara ya Fedha, Tume ya Mipango iliyorudishwa mwaka 2023, wizara nyingine kwenye idara zao za sera na mipango, Benki Kuu, na halmashauri. Halmashauri za Bara ni 184. Kila moja ina wachumi wa kuhesabika kwenye idara ya mipango, na hawastaafu wote mwaka mmoja. Upande wa pili weka wahitimu wa Mlimani, Mzumbe, Dodoma, Chuo cha Mipango na vyuo binafsi, kila mwaka. Hapo ule mchoro wako wa ugavi na mahitaji unafaa kabisa, uchore. Kuvuka mchujo mara moja na kufika mahojiano, katika foleni hiyo, si kushindwa. Endelea kuomba, ila usisubiri. Kuomba kunakugharimu siku moja, kusubiri kumekugharimu miaka miwili.

Na ujue unaomba nini. Mchumi wa halmashauri hakai akitafakari pato la taifa. Anakusanya mipango ya vijiji, ile ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, anaingiza bajeti kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti, usiku mtandao ukiwa na nafuu, anafuatilia zahanati iliyokwama kwenye lenta, anaandika taarifa ya robo mwaka ambayo diwani ataisoma ukurasa mmoja. Ni kazi nzuri kwa anayeipenda. Wapo wengi wanaoitafuta miaka mitano, kisha wanaichukia ndani ya miezi mitano.

Kazi nyingi za mchumi zina majina mengine. Afisa ufuatiliaji na tathmini kwenye mradi. Mchambuzi wa mikopo benki, hasa mikopo ya kilimo. Mtafiti msaidizi REPOA au ESRF, taasisi mbili za utafiti za Dar es Salaam zilizoanza miaka ya 1990. Mdadisi wa NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kama nilivyoanza mimi, ingawa siku hizi hawabebi madaftari, wanabeba vishikwambi kama makarani wa sensa ya 2022. Mchambuzi wa masoko ya mazao, kwenye kampuni za nafaka, vyama vikuu vya ushirika, au mifumo ya stakabadhi ghalani inayouza ufuta, mbaazi na korosho kwa mnada. Hii ya mwisho nimeiweka kwa makusudi.

Haya, milioni 8.

Kwanza tujue ni fedha ya nani. Umefanya kazi kwa mjomba kama miezi 24 bila mshahara. Gawanya: milioni 8 kwa 24 ni kama sh. 333,000 kwa mwezi. Unaona? Hiyo si zawadi hasa, iko karibu zaidi na mshahara uliocheleweshwa, toa chakula na malazi. Usiende kumwambia hivyo, mjomba ni mjomba, na wangapi wana wajomba wasiotoa hata mia. Lakini moyoni ujue unachukua kilicho chako, na usikichukue ukiwa umepiga magoti. Kuanzia msimu huu mwombe kwa adabu akupangie hata kiasi kidogo kila mwezi. Mwambie ni kwa ajili ya Bodi ya Mikopo, na hutakuwa umedanganya, maana ukiajiriwa watakata asilimia 15 ya mshahara wako, na hata aliyejiajiri anadaiwa.

Kuziweka zote kwenye mahindi siafiki. Mjomba anamudu kwa sababu ana stoo, ana jina, na msimu mbaya mmoja haumzamishi. Wewe utaingia na mtaji ambao lori moja linaweza kuumaliza. Na mahindi yana adui ambaye hayuko shambani. Mwaka 2017 serikali ilizuia kuuza mahindi nje ikataka yauzwe unga. Waliokuwa wamejaza stoo kwa kungoja bei ya nje wanakumbuka. Machi 2021 Kenya nayo ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye nafaka. Zuio lilirekebishwa kwa masharti ndani ya siku chache, lakini siku chache za lori kusimama Namanga huku dereva anadai posho ni nyingi. Muulize mjomba ile wiki ilikuwaje, uandike anachosema. Ukitaka kuonja biashara, weka milioni moja na nusu au mbili ndani ya mzigo wake, mgawane faida kwa kilo. Iandike hesabu yake kando.

Ualimu. Mama ana hoja, lakini ukienda kwa sababu tu wanaajiriwa, kuna wahitimu wengi wa ualimu walio kwenye foleni ileile ya Ajira Portal wanaoweza kukueleza. Kama unapenda kufundisha, nenda leo. Barua yako yenye kurasa nne haina mstari mmoja unaosema unapenda.

Uzamili ndiyo njia ninayoiona mbele yako, ila si mwaka huu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Uzamili wa uchumi ni hesabu kuanzia wiki ya kwanza. Rafiki yako aliye nyumbani sijui alisomaje, lakini nimewasaili wengi wenye cheti hicho ambao ukiwawekea data mbele wanauliza nani atawafanyia uchambuzi. Ukienda na D yako ya kukariri utarudi na cheti cha pili na hofu ileile, na milioni 8 hazipo. Mwaka mmoja wa kurudia hesabu kabla ya kwenda utakuokoa. Anza na kitabu chako cha hesabu za mwaka wa kwanza, saa moja kila asubuhi kabla malori hayajaingia. Kalkulasi ya kawaida, matriki, uwezekano. Usiruke takwimu.

Hofu ya hesabu nyingi inatokana na kuziona zikiwa hazina mwenyewe. Michael Kremer, kabla ya kuwa profesa, aliwahi kufundisha shule Kenya magharibi. Baadaye yeye na Edward Miguel walifanya utafiti wa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi Busia. Wadadisi walikwenda shuleni bila kutoa taarifa, wakahesabu watoto waliopo siku hiyo, hawakuridhika na rejista ya mwalimu. Kremer, pamoja na Banerjee na Duflo, alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2019 kwa kazi za aina hii. Kiini cha hesabu yake ni wastani wa kundi moja dhidi ya wastani wa kundi lingine, na swali la kama tofauti hiyo ni ya kweli au ni bahati. Hilo unaliweza. Ekonometriksi iliyobaki ni kujilinda usidanganyike, kama unavyomlinda mjomba na madalali.

Kwa hiyo msimu huu fanya hivi. Gunia la kijijini likifika, lipime kabla halijafunguliwa, andika kilo zake, kijiji, tarehe, na bei aliyolipwa mkulima. Si yote, utachoka. Chukua kila gunia la kumi, na usichague kwa macho. Usiku ingiza kwenye Eksel. Madaftari matatu ya nyuma yaingize polepole, hata kama hayana kilo. Ukimaliza, pakua programu ya R, ni bure, chora mchoro mmoja tu: bei ya kilo kwa mkulima na bei ya kilo sokoni, wiki kwa wiki. Weka pembeni bei za jumla zinazotolewa na Wizara ya Viwanda na Biashara na zile zilizomo kwenye taarifa ya kila mwezi ya Benki Kuu. Zako na zao zikitofautiana, usikimbilie kusema wamekosea. Tafuta kwa nini. Andika kurasa nane kwa Kiswahili au Kiingereza, usitaje jina la mkulima wala la mjomba.

Kurasa hizo nane ndizo utakazoambatanisha ukiomba kazi ya utafiti au nafasi ya kusoma. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro, barabara hiyohiyo inayopita mbele ya stoo yenu, na uchumi wa kilimo wanaufundisha muda mrefu. Kwako naona unafaa kuliko uzamili wa uchumi wa jumla, na tasnifu utakuwa umeshaianza. Kama hesabu zitakunogea mpaka ujishangae, uangalie pia AERC ya Nairobi, mtandao wa utafiti wa uchumi wa Afrika, ulioanza mwaka 1988 na kulea wachumi wengi wa vyuo vyetu. Benno Ndulu aliuongoza kabla hajawa gavana wetu wa kweli wa Benki Kuu, 2008 hadi 2018. Na kama ni takwimu ndizo zitakazokuvuta, EASTC, chuo cha takwimu pale Changanyikeni, Dar es Salaam, kipo tangu 1961. Popote utakapoomba, omba na ufadhili, fedha ya mjomba iwe ya kuziba pengo.

Kuna jambo moja dogo la usaili. Tangu Januari 2024 Benki Kuu inaendesha sera ya fedha kwa riba, na ilianza na asilimia 5.5. Wanapenda kuuliza. Wengi wanakariri namba wanaishia hapo. Wewe muulize mjomba anakopa wapi hela ya kununulia msimu, kwa riba gani, na kama riba hiyo ilisogea hata kidogo Benki Kuu ilipoisogeza ya kwake. Jibu lake, hata likiwa matusi, nenda nalo kwenye chumba cha usaili.

Wapakiaji waendelee kukuita Gavana. Niandikie tena Septemba, uanze na hili: gunia la Mlali lina kilo ngapi, na la Kiteto je?

Shangazi